Mimea Isiyotaka Mtu

Mjomba wangu alikuwa na kazi ambayo watu waliicheka mpaka siku walipoihitaji. Aliajiriwa kumwagilia mimea ya ofisini kwetu, ghorofa nne, vyungu thelathini na saba. Walimwita Mzee Kopo, kwa sababu maji hakuyabeba kwa chombo cha dukani bali kwa kopo la mafuta ya kupikia alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Mimi nakaa mapokezi ya ofisi hiyo hiyo. Ndimi niliyemwombea nafasi, baada ya bustani ya manispaa aliyoitunza miaka ishirini kuzungushiwa mabati na kuanza kujengwa maduka.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi na mwepesi wa kununa, na ukimkosoa mbele za watu alikuwekea kinyongo mwezi mzima. Lakini mimea aliijua. Majina ya vitabuni hakuyajua wala hakuyataka; kila mmea aliupa jina lake, kama vijana wanavyopeana majina kijiweni. Ule wa majani marefu yaliyosimama wima aliuita Panga. Ule wa mashina manene unaojiwekea maji yake chini ya udongo aliuita Mvivu. Ule unaotambaa juu ya kabati za mafaili aliuita Mpangaji, kwa kuwa ukishaingia hautoki. Kangaga, wale wa majani kama manyoya, walibaki kangaga, ila kila akiwataja alitikisa kichwa.

"Hao walevi," aliniambia. "Siku tatu bila maji wanaanza kutetemeka."

Mkewe alishafariki, na watoto hawakujaliwa. Alihamia chumba cha uani kwetu, akala mezani kwetu, akagombana na mume wangu juu ya redio. Jambo moja tu lilikuwa lake peke yake, nalo ni kutoka asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi akienda mahali anapongojwa, hata kama wanaomngoja ni vyungu. Mwenye kudhani hilo ni dogo hajawahi kukaa uani kutwa akitazama nguo za wenzake zikikauka.

Rafiki yake pale kazini alikuwa mmoja, mwanamke aliyepiga deki ghorofa zote nne, mjane anayelea wajukuu watatu. Sote tulimwita Mama Deki. Saa nne kamili walikutana stoo ya chini ya ngazi, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakanywa chai kutoka kwenye chupa ya Mama Deki. Mama Deki alimlaumu mjomba kwa kudondosha maji kwenye sakafu aliyotoka kuikausha, naye akamlaumu kwa kukata majani kwa mpini wa fagio. Walizozana hivyo miaka tisa, na siku mmoja asipofika, mwenzake alikuja mapokezi kwangu mara tatu kuulizia. Katika mazoea hayo Mama Deki alijifunza mimea bila kufundishwa, maana mjomba alikuwa haishi kuisengenya.

Kisha tukaletewa afisa utawala mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na daftari, tukamwita Madamu. Hakuwa mbaya. Watu wakisikia kisa hiki wanapenda awe mbaya, ili wapate mahali pa kumtupia lawama. Alikuta ofisi inapunguza kila kitu, akaambiwa apunguze, akaanza na alichokiona. Alimwita mjomba mapokezi, mbele yangu.

"Mzee, mimea hii ni mingi na inataka mtu kila siku. Nataka michache isiyotaka mtu. Ile ambayo hata tukifunga wiki mbili tunaikuta hai. Ipo?"

"Ipo, Madamu."

"Basi nichagulie, niandikie majina na jinsi ya kuitunza. Wewe ndiye unayejua. Mwisho wa mwezi tutaagana vizuri, na barua ya shukrani nitakupa."

Alisema kwa upole kabisa, akapanda ngazi. Sidhani alijua amempa mtu jembe na kumwomba achimbe kaburi lake mwenyewe. Mjomba alisimama pale akilitazama kopo lake kwa muda mrefu, mpaka mgeni mmoja akamwomba apishe.

Alasiri alikuja na kiti, akakaa mbele ya mashine yangu ili niandike. Nilijua atakachosema. Ningeweza kuandika mwenyewe bila yeye: Panga, Mvivu, Mpangaji, maji kidogo udongo ukikauka, basi.

"Andika kangaga," alisema.

Niliondoa vidole kwenye mashine. "Kangaga, mjomba?"

"Andika."

"Si ndio walevi?"

"Wewe umesomea simu, mimi nimesomea udongo. Andika kangaga. Halafu lile ua jeupe la majani mapana. Halafu ule wa michirizi. Yote maji mara moja kwa mwezi, tarehe mosi. Na uongeze: isiguswe."

Hata mimi nilijua lile ua jeupe likikosa maji hulala kifudifudi kama mtoto aliyenyimwa kitu dukani. Ule wa michirizi hauvumilii kiyoyozi. Majani yake hujikunja na kuungua pembeni. Niliandika hivyo hivyo. Alikuwa mjomba wangu, na nilijiambia labda anajua jambo nisilolijua.

Mimea mipya ikaja na pikapu, ya zamani wakagawana wafanyakazi kupeleka makwao. Mjomba alipewa barua yake ya shukrani na kupigwa picha na Madamu mlangoni. Akarudi uani kwetu, akakaa.

Jumapili ya pili akaniambia mwenyewe, tukichambua mboga. Alisema zitapita wiki tatu tu, mimea yote itakuwa imeinama, na Madamu atamtafuta kwa tochi mchana. Alihesabu siku kwa vidole. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nilicheka pamoja naye. Nayasema haya kwa sababu baadaye nilijitahidi sana kuyasahau. Nilijua, tena nilijua mapema kuliko mtu yeyote isipokuwa yeye.

Kitu ambacho sote wawili hatukukifikiria ni Mama Deki.

Ile orodha niliyoiandika ilibandikwa stoo, na Madamu alimwagiza Mama Deki ahakikishe inafuatwa. Wiki mbili aliifuata. Wiki ya tatu, majani yalipoanza kumwagika sakafuni akiyafagia kila asubuhi, alikuja na jagi la plastiki kabla watu hawajafika, akaanza na vyungu viwili vya mapokezi kwangu.

"Mama, karatasi inasema mwezi mara moja," nilimwambia.

"Karatasi haina kiu," akajibu, akaendelea kumwaga polepole, akisubiri udongo unywe kwanza ndipo aongeze, vile vile alivyomwona rafiki yake akifanya.

Baada ya siku nne vyungu vyangu viwili vilikuwa vimeinua vichwa. Niliviona kwa macho yangu kila nilipopokea simu. Basi akapanda na jagi lake ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huko juu kiyoyozi ni kikali na mimea mingi ilikuwa imeshakata tamaa, lakini hakuacha. Jumatano moja Madamu aliwahi kuliko kawaida, akamkuta ghorofa ya nne mbele ya mlango wa mkurugenzi, jagi mkononi, akimwagilia kangaga aliyekwisha kuwa kahawia tupu.

Saa tatu nilipigiwa simu ya ndani. Madamu alitaka nimwite Mzee Kopo aje kama mtaalamu. Nikampigia. Alikuja upesi na shati lililopigwa pasi, akinitabasamia pale mapokezi, na kabla sijapata neno la kumwambia alikuwa ameshapanda. Nikachukua kitabu cha mahudhurio kilichotakiwa na Madamu, nikamfuata.

Mama Deki alikuwa amesimama katikati ya chumba cha Madamu, ghorofa ya tatu, jagi bado liko naye. Alipomwona mjomba akiingia, uso wake ulilegea. Nimeukumbuka uso huo mara nyingi. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona ndugu yake amefika.

"Mzee," Madamu alisema, "ulituandikia mara moja kwa mwezi, isiguswe. Huyu mama amekuwa akimwaga maji kila siku, na amekiri mwenyewe. Anasema ilikuwa na kiu. Mimea imekufa na mkurugenzi ananiuliza. Nataka kujua kitu kimoja tu. Maji yanaweza kuua mmea?"

Mjomba alimtazama Mama Deki, akalitazama jagi, kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Maji mengi huua mmea wowote, Madamu," alisema.

Ulikuwa ukweli mtupu. Muulize mkulima yeyote atakuambia hivyo. Hamna neno hata moja la uongo ndani yake, na sijawahi kusikia uongo mkubwa kuliko huo.

Mama Deki alingoja. Alidhani bado anaendelea. Alipoona hamna kingine, aligeuka akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na kitabu cha mahudhurio. Mimi niliyeandika ile orodha. Mimi niliyekuwa na vyungu viwili vizima mezani kwangu, ushahidi wa kutosha, ghorofa tatu tu chini. Niliwafikiria watoto wangu wawili na kiti changu, nikafikiria jinsi Madamu atakavyoniuliza kwa nini sikusema mapema. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mgumu kuliko mti.

"Sawa," Mama Deki alisema.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amemwaga unga kwa kosa la kukaidi maagizo. Alirudisha funguo mapokezi kwangu na ndoo ya deki akiwa ameiosha. Hakunisemesha, na mimi nilijifanya nina simu.

Mjomba aliambiwa arudi Jumatatu. Alipata alichokitaka, kopo, shati na vyungu, na kwa siku mbili alipiga mluzi kwenye ngazi. Siku ya tatu saa nne aliingia stoo, akakuta ndoo mbili zimepinduliwa palepale na kikombe cha Mama Deki kikining'inia kwenye msumari. Alitoka bila kunywa kitu. Kampuni ya usafi ilikuwa imeshaleta mabinti wawili wenye sare, wapole, wasiojua nani ni nani.

Nyumbani aliacha kula. Mume wangu akauliza kama anaumwa, akasema ni tumbo. Alikaa mezani akiuzungusha mkono kwenye sahani mpaka chakula kikapoa. Nilimkasirikia kwelikweli. Nilimwona mwoga, mzee mzima aliyemtosa mwenzake kwa ajili ya kopo, na siku moja tukiwa uani nikamwambia hivyo usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yangu mimi kila nikiamka naikuta imerefuka."

Wiki ya tatu alipanda kwa Madamu bila kuitwa. Nilimpeleka mimi, nikabaki palepale mlangoni. Alisimama wima, akasema yote: kwamba alichagua mimea ya kiu kwa makusudi ili arudishwe, kwamba Mama Deki ndiye aliyekuwa akiiokoa, na kwamba siku ile aliulizwa swali akajibu nusu.

"Na mpwa wangu huyu aliandika tu nilivyomtajia," aliongeza. "Hakujua lolote."

Madamu alivua miwani. "Mzee, kwa nini hukuniambia kwamba unataka kubaki?"

"Hukuniuliza, Madamu."

Madamu alivaa tena miwani, akasema usafi umeshapewa kampuni kwa mkataba wa mwaka, hana mahali pa kumrudisha yule mama, na anasikitika. Alisema yaliyopita yamepita, na mjomba aendelee na kazi, tusiyafukue. Alisema hivyo kwa nia njema.

Mjomba aliomba karatasi. Kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa aliandika Panga, Mvivu, Mpangaji, na pembeni ya kila jina akachora jani ili muuza mimea aelewe. Akaeleza pia: ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, ukiona pakavu mpe maji, ukiona pabichi mwache. Panga akae popote. Mvivu msimsogeze kila mara. Mpangaji akirefuka sana mkate.

"Hawa hawataki mtu," alisema, akaweka funguo za chumba cha bomba juu ya karatasi, akatoka. Hakulichukua hata kopo.

Jumamosi akaniomba nimsindikize kwa Mama Deki. Alikaa kwenye vyumba vya mstari mmoja, na tulimkuta nje akifua nguo ambazo nilijua si zake, maana zilikuwa sare za kiume za walinzi. Alifuta mikono, akatupa viti, akatupa maji ya kunywa. Kuona anatukaribisha vile kuliniuma kuliko kama angetufukuza.

Mjomba alisema aliyokuja kuyasema. Alichukua muda mrefu, akirudia rudia, na Mama Deki hakumkatiza.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Miaka tisa nafagia chini ya kangaga, nisijue kwamba anataka maji? Nilipoiona ile karatasi nilijua umefanya kusudi. Nikasema sawa, mzee anatetea mkate wake, mimi nitamwagilia kimya kimya mpaka akili imrudie. Na siku ile ulipoingia pale ndani nilisema moyoni, afadhali, mwenzangu amekuja. Ukaangalia viatu."

Mjomba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mkewe. Mama Deki hakumwambia anyamaze wala hakumbembeleza, alimwacha amalize.

"Machozi yako sina pa kuyaweka, ndugu yangu," alisema. "Mimi nataka karatasi. Kila ninapoomba kazi wanapiga simu pale kwenu, wanaambiwa nilifukuzwa kwa ukaidi. Niandikieni kilichotokea. Wewe utie sahihi, na huyu binti atie sahihi, maana yeye bado yumo ndani. Neno la mzee asiye na kazi halifiki mbali. Kuna shule inataka mtu wa usafi, nakwenda Alhamisi."

"Nitaiandika mimi, Mama," nilisema.

Alinitazama. "Wewe ulikuwa mlangoni," alisema, akarudi kwenye beseni lake.

Jumatatu, wenzangu walipokwenda kula, niliiandika. Niliiandika vizuri, sikutia chumvi wala sikuficha, nakala mbili. Mjomba akaja akatia sahihi zote mbili, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: shahidi, mpokea wageni wa ofisi. Nikamwambia aniachie kidogo. Madamu alishaambiwa kwamba sikujua lolote. Nikitia sahihi, mtu yeyote akimpigia, Madamu atajua nilijua, tena tangu mwanzo. Nikasema kesho. Jumanne nikasema tena kesho. Jumatano jioni mjomba alichukua nakala moja, akampelekea Mama Deki ikiwa na sahihi moja.

Aliyoyakuta Mama Deki shuleni, mjomba aliniletea Ijumaa, nikiwa napakua chakula. Mwalimu mkuu aliisoma barua mara mbili, akaonekana kuridhika, kisha akaweka kidole chini kabisa.

"Hapa pa shahidi mbona pako wazi?"

"Huyo bado anafikiri," Mama Deki alimjibu.

Mwalimu mkuu akasema atampigia. Huu ni mwezi wa nne tangu hapo na hajapiga. Mjomba anafua naye zile sare za walinzi siku tatu kwa wiki. Yeye anasuuza na kuanika, na nasikia wameanza tena kuzozana juu ya maji. Mimi nipo mapokezi. Nakala ya pili iko kwenye droo yangu, na kila asubuhi naifungua droo hiyo kutoa kitabu cha wageni, naiona barua, naifunga.